Eti Dume Mzee Hana Kazi

Kila picha ya tembo aliyepigwa risasi ikizagaa mtandaoni, haipiti nusu saa kabla mtu hajaandika maneno yaleyale: "Huyo ameshazeeka, hata kuzalisha hazalishi, angejifia tu." Anaandika kwa uhakika wa daktari. Wanaandika wenye vitalu vya uwindaji, wanaandika maofisa wastaafu, wanaandika na vijana ambao tembo wamemwona kwenye noti ya elfu kumi basi. Upande wa pili nao hawajibu hoja. Wanamwaga emoji za machozi, wanamwita mwindaji muuaji, na mjadala unalala hapo hadi picha nyingine ije.

Nitangulie kusema kwamba sina ugomvi na uwindaji wa kitalii kwa jumla, ili wenye kununa wanune mapema. Ugomvi wangu ni na hayo maneno. Kwa nyati ni kweli tupu. Kwa simba ni kweli yenye masharti, na masharti yenyewe tumeyaweka kwenye kanuni. Kwa tembo ni uongo, na kanuni yetu ya tembo inauachia uongo huo mlango wazi.

Nyati ndiye chanzo cha wazo zima. Pale kwenye paji, pembe mbili zinapokutana, dume kijana bado ana sehemu laini yenye manyoya. Inafunga na kukomaa akiwa na miaka saba au minane hivi. Baada ya hapo anazalisha misimu kadhaa, wenye nguvu zaidi wanamsukuma pembeni, na unamkuta na wenzake wawili watatu wamejilaza kwenye tope la mto, ncha za pembe zimesagika, masikio yamechanika. Huyo kweli kazi yake kwenye kundi imekwisha. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mteja porini, akiwa anajua kazi anaangalia paji kwanza, upana wa pembe baadaye. Anayeanza na upana anapiga dume laini aliyekuwa na miaka yake yote mizuri mbele, kisha anapiga picha na kutabasamu.

Simba ni hesabu nyingine. Dume mgeni akiliteka kundi, huwaua watoto wa aliyemtangulia ili majike warudi kwenye joto upesi. Watoto wake mwenyewe wanahitaji kama miaka miwili ya ulinzi. Kwa hiyo ukimpiga dume wa miaka minne aliyetawala mwaka mmoja, umewamaliza na watoto wa kundi zima kupitia meno ya atakayeingia nafasi yake. Mwaka 2004 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake walionyesha, kwa kumbukumbu za miaka mingi za Serengeti, kwamba madume wakiachwa hadi wavuke miaka mitano au sita, kuwinda waliovuka umri huo hakuyumbishi idadi. Tanzania ikachukua miaka 6, na majike hawaguswi kabisa.

Na umri huo unapimika, ndiyo raha yake. Chambo kinafungwa kwa mnyororo juu ya tawi, usawa ambao simba lazima ajinyooshe ili akifikie, na kamera ya kujiwasha inafungwa mti wa jirani. Unapata picha za pua, manyoya ya shingo, makovu ya uso, rangi ya meno. Pua ya kijana ni ya waridi, inaingia madoa meusi mwaka hadi mwaka, na akivuka mitano zaidi ya nusu imeshakuwa nyeusi. Pua peke yake inadanganya, maana simba wa eneo moja hawafanani na wa eneo jingine, hivyo unaisoma pamoja na meno yaliyochakaa na mashavu yaliyolegea. Akishapigwa, fuvu na meno vinakaguliwa na watu wa TAWIRI, taasisi yetu ya utafiti wa wanyamapori. Eksirei inaonyesha uwazi wa ndani ya jino, ambao unazidi kuziba kadiri mnyama anavyozeeka. Kampuni iliyopiga kijana inaumia kwenye mgawo wake wa wanyama wa kuwinda. Mfumo una matobo yake, nani asiyejua, lakini una akili: kuna swali linaloulizwa na kuna jibu linalokaguliwa.

Sasa njoo kwa tembo. Kanuni inataka jino lenye uzito wa kilo 20 au zaidi, au urefu wa sentimita 160. Umri hauulizwi.

Hebu fikiria maana yake porini. Meno ya tembo hukua maisha yake yote, lakini hayakui kwa kasi moja kwa kila dume. Kuna koo za meno mazito na koo za meno membamba. Dume wa ukoo mzito anafikisha kilo 20 akiwa bado hajaingia umri wa kuzaa hasa. Dume wa ukoo mwembamba anaweza kufika miaka hamsini na kitu, gego la mwisho limeisha kwa kusagika, hajawahi kuzifikisha. Kanuni inamlinda huyo wa pili, mzee wa kweli, na inamweka kijana mwenye meno mazuri kwenye shabaha. Kama ungetaka kutunga sheria ya kuondoa meno makubwa kwenye damu ya tembo wa Tanzania, usingehitaji kubadilisha hata nukta.

Halafu huko kukadiria kwenyewe. Robo hadi theluthi ya jino imefichwa ndani ya fuvu, kwa hiyo mwindaji anakadiria kwa darubini kile kilicho nje ya mdomo, anaongeza cha ndani kwa uzoefu, huku mteja aliyelipia siku 21 anahema pembeni yake na siku zinakwenda. Urefu unamdanganya, maana jino hukatika kwa kuchimba na kupigana. Kinachosema kweli kuhusu umri ni unene wa jino pale linapotoka mdomoni, pamoja na umbo la kichwa: ukimtazama dume mkubwa kwa mbele, paji ni pana, katikati pamebonyea, kisha panapanuka tena kwenye mizizi ya meno. Wawindaji bingwa wetu wanayajua haya. Ila hakuna fomu inayowauliza.

Twende kwenye lile la kuzalisha, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Tembo dume anaachana na familia ya mama yake kwenye miaka 12 hadi 15. Anaweza kupanda jike mapema, kibaiolojia, lakini kuweza na kupata ni mambo mawili. Kati ya miaka 25 na 30 ndipo anaanza kuingia masti: tezi zilizo kati ya jicho na sikio zinatiririka, mkojo unadondoka njia nzima, homoni zinapanda, anatembea usiku na mchana akitafuta majike. Mara za mwanzo hudumu siku chache tu. Akikutana na mkubwa wake inazimika palepale. Akivuka miaka 40, masti inakaa miezi miwili, mitatu, hata minne, na inarudi mwaka hadi mwaka kwa msimu wake. Jike naye anabeba mimba miezi 22, ananyonyesha, na anarudi kwenye joto baada ya miaka minne au mitano, tena kwa siku chache. Kwa hiyo majike wenye joto kwa wakati mmoja ni wachache mno, na anayewafikia ni dume mwenye mwili wa kutembea mbali, wa kutisha wengine, na ambaye majike wenyewe wanamkubali.

Wataalamu wa Amboseli, hifadhi ya Kenya iliyo jirani na mpaka wetu, walipopima vinasaba vya ndama na madume waliowafuatilia kwa miongo, matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba madume walio kwenye masti ndio baba wa asilimia 74 ya ndama, na kwamba kilele cha kuzaa ni kati ya miaka 45 na 53.

Miaka 45 hadi 53. Tembo anaishi kama sitini, magego yake sita ya kila upande yakiisha basi amekwisha. Huyo mnayesema hazalishi yuko katikati ya kazi. Mlichoona ni mikunjo.

Na kazi yake haiishii kwenye kupanda. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, walipeleka tembo yatima waliobaki baada ya wakubwa wao kuuawa ili kupunguza idadi ya tembo katika hifadhi ya Kruger. Wakakua bila dume mkubwa hata mmoja. Vijana wakaanza kuingia masti mapema mno na kukaa nayo kwa miezi, na kati ya 1992 na 1997 wakaua faru weupe zaidi ya 40. Waliwapiga risasi baadhi yao, haikusaidia. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger. Masti za vijana zikafupika, mauaji ya faru yakakoma. Hakuna mhadhara wala uzio, ni kuwepo kwa wakubwa tu. Mzee asiye na kazi, eti.

Ndiyo maana mambo ya Enduimet, eneo la hifadhi ya jamii upande wetu wa mpaka na Kenya, yalinichefua. Tembo wanaopita Sinya, Tinga Tinga, Olmolog na ushoroba wa Kitendeni ni walewale wa Amboseli, ambao watafiti wanawafuatilia mmoja mmoja kwa mikato ya masikio tangu 1972. Madume walipopigwa upande wetu mwaka 1994, kukawa na maelewano ya mwaka uliofuata kwamba eneo lile la mpakani haliwindwi tembo, na yakaheshimiwa karibu miaka 30. Kisha kuanzia Septemba 2023 hadi katikati ya 2024 wakapigwa angalau madume watano. Watafiti wa Amboseli walisema wanaamini mmoja wao ni Gilgil, mwenye miaka 35. Thelathini na mitano! Huyo masti yake ndiyo kwanza inakolea, kilele chake kiko miaka kumi mbele. Na mizoga ikachomwa moto, ambayo ni njia nzuri sana ya kuhakikisha hakuna atakayeangalia magego wala masikio. Watu wasio na cha kuficha wana haraka za ajabu.

Mtaniambia kisheria hakuna kosa, jino lilitimia. Najua. Ndicho ninacholalamikia.

Haya, yaliyo ya kweli upande wa pili, niyakubali ingawa kwa shingo upande.

La kwanza ni mahindi. Madume wakubwa ndio wavunja mashamba wakubwa, na vijana wanajifunza kwao. Tim, yule dume maarufu wa Amboseli aliyekufa kifo chake mwenyewe 2020 akiwa na miaka 50, alikuwa mwizi sugu wa mashamba. Alivishwa kola ili wamzuie kabla hajafika, na alipata kuchomwa mkuki. Anayemlilia Tim kutoka London hajawahi kulala kwenye dungu la shamba mwezi wa mavuno. Lakini jamani, mteja wa nyara hatatui hilo. Yeye anawinda mchana, anachagua meno. Mvamizi anaingia usiku na alfajiri yuko kilomita kumi ndani ya pori. Gari la doria likifika kesho yake na kufuata nyayo, atakayekutwa kwanza ndiye anakuwa mhalifu. Kama ni lazima mvamizi sugu apigwe, apigwe na askari, usiku uleule, shambani, ambapo kosa linaonekana na wenzake wanaelewa somo.

Kinachofanya kazi usiku kinajulikana, na ni cha bei ya chini. Vikundi vya wanakijiji wa Tanzania vilivyofunzwa vinakwenda kwa hatua: kwanza tochi kali machoni, asipoondoka, honi, asipoondoka, kondomu iliyojazwa unga wa pilipili na mchanga, fataki katikati, inawashwa na kurushwa upande upepo unakotokea ili wingu limfikie yeye, lisiwarudie ninyi, mwisho kabisa fataki ya kuruka. Inapoharibika, karibu kila mara sababu ni zilezile. Watu wanaruka hatua na kuanza na mlipuko, tembo anauzoea ndani ya msimu, na baada ya hapo hamna kitu kikubwa zaidi cha kumtishia. Au hakuna aliyepima upepo, kikosi kizima kinakohoa huku tembo anakula. Au betri ziliisha Jumanne na bajeti ni ya mwezi ujao.

Kamba ya pilipili nayo ni nzuri: vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, vinaning'inizwa kwenye kamba kuzunguka shamba. Mvua ikinyesha unapaka upya. Jirani mmoja asipopaka, tembo wanaingilia kwake na shamba lako linaliwa kwa nyuma. Uzio wa mizinga, kama ule wa Sagalla karibu na Tsavo Mashariki, unaweka mzinga au mzinga wa bandia kila mita 10, umeunganishwa kwa waya ili tembo akisukuma mizinga itikisike. Utafiti wa miaka tisa kule ulionyesha misimu ya mavuno mazuri uliwazuia hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Ukame ukija nyuki wanahama, na mzinga mtupu ni sanduku tu.

Fidia? Hatuna, tuna kifuta jasho. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano. Kiwango hicho cha juu kabisa kwa ekari hakikufika bei ya magunia matatu ya mahindi, na hicho ni baada ya fomu kupita kwa mtendaji, bwana shamba, afisa wanyamapori wa wilaya na kwenda wizarani kulala. Mkulima wa namna hiyo akisikia dume limepigwa anashangilia, na ana haki ya kushangilia. Msimwite adui wa mazingira, yeye ndiye anayewalisha tembo wa taifa zima bila kuulizwa.

La pili ni ardhi. Utalii wa picha hauendi mapori ya akiba kama Rungwa au Moyowosi: mbung'o, nyasi juu ya kichwa, barabara zinazopotea masika, mnyama mmoja kwa saa tatu. Marekani iliposimamisha kuingiza nyara za tembo wa Tanzania Aprili 2014, kampuni nyingi zilirudisha vitalu, na kitalu kisicho na mwenyewe kinapata wenyewe haraka, wakiwa na shoka, mifugo na tanuri za mkaa. Kenya walipiga marufuku uwindaji 1977, na utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake ukaonyesha wanyamapori wa maeneo yao ya malisho walipungua asilimia 68 kati ya mwaka huo na 2016, huku mbuzi na kondoo wakiongezeka asilimia 76. Kwa hiyo ndugu zetu wa Nairobi wasitutolee somo. Ila na sisi tusijisifu: Selous, pori la akiba lililojaa vitalu, ilikuwa na tembo kama 109,000 mwaka 1976, na mwaka 2013 wakahesabiwa 13,084. Vitalu havikuzuia bunduki za ujangili, na tembo wa Kenya kwa upande wao wamepanda kutoka 16,000 mwaka 1989 hadi 36,280 kwenye sensa ya 2021 bila kitalu hata kimoja. Anayekuambia marufuku inaokoa au uwindaji unaokoa, kuna kitu anauza.

Hao wa kudai binadamu aondoke porini kabisa sitawajibu, muda hautoshi.

Ninachotaka ni kidogo na kinatekelezeka. Enduimet, Longido, Ziwa Natron: dume la tembo lisiwindwe, na safari hii maelewano yaandikwe na kusainiwa na serikali zote mbili, maana ya mdomo tumeona yanavyoyeyuka waziri akibadilika. Hapo lazima vijiji vilipwe, hili nalisisitiza. Jumuiya ya hifadhi, ile ya vijiji inayosimamia eneo kama Enduimet, inatakiwa kupeleka angalau nusu ya mapato yake kwa vijiji wanachama. Ukiondoa ada ya tembo bila kuweka kingine, umeondoa madawati na zahanati kwa ajili ya hisia za watu wa mbali. Wale wanaotaka madume wale wabaki hai, wakiwemo wenye hoteli za upande wa pili wanaouza picha zao, waingie mfukoni kila mwaka na fedha ziende moja kwa moja kwa jumuiya.

Kwingineko, kipimo cha kilo kifutwe au kiwe cha pili. Kipimo cha kwanza kiwe umri, kuanzia miaka 50, kwa fomu inayotaka picha za kichwa kwa mbele na ubavuni kabla ya risasi, na mzingo wa jino kwenye mdomo baada yake. Kisha taya la chini lisafirishwe TAWIRI, Arusha, kama tunavyofanya kwa fuvu la simba. Tembo hubadilisha magego kwa zamu, la nyuma likilisukuma la mbele, na njia ya kusoma umri kwa hilo ipo tangu miaka ya sitini, ilitoka kwa tembo wa Murchison Falls, Uganda. Ukikuta gego la tano bado linasaga, huyo hakuwa mzee na kampuni ijieleze. Ukikuta la sita peke yake limechakaa hadi ufizini, hongera, umepiga mzee wa kweli. Mzoga usichomwe kabla taya halijatoka.

Najua jibu litakalokuja: wateja watakimbia, madume wa miaka 50 ni wachache, huwezi kumkadiria umri tembo porini. Kwamba ni wachache ni kweli, na uchache wenyewe ulitokana na sisi. Mgawo upungue, ada ipande. Na hilo la kukadiria, kampuni inayosema haiwezi kumsoma mnyama wa tani sita aliyesimama mchana kweupe ieleze kwanza inawezaje kusoma madoa ya pua ya simba jioni, juu ya chambo.

Msimu unafunguliwa Julai. Kanuni inaweza kurekebishwa kwa tangazo la waziri kwenye Gazeti la Serikali, haihitaji hata Bunge.